Msee Aliyeacha Cambridge na Jani Lenye Madoa

Kuna jani moja huko Ulaya lilidanganya watu kwa mamia ya miaka, na halikuwahi kufungua mdomo.

Mmea wenyewe unaitwa pulmonaria. Ni mfupi, haufiki hata magotini, na unatambaa chini ya miti mahali jua halifiki vizuri. Majani yake yana vinywele vya kukwaruza na madoa meupe, kama mtu alikuwa anapaka ukuta chokaa akayarushia matone. Maua yanafunguka yakiwa ya waridi, yakizeeka yanageuka buluu, kwa hivyo shina moja linaweza kubeba rangi zote mbili kwa wakati mmoja. Leo wenye bustani Uingereza na Ujerumani wanaupanda kufunika udongo pale nyasi zimekataa kumea. Nyuki wanaupenda kwa sababu unachanua mapema, baridi ikiwa ndiyo inaisha. Usiende kuutafuta Karura, huko hauko.

Zamani lakini hakuna aliyeupanda kwa urembo. Angalia majina. Pulmonaria inatokana na pulmo, ambalo kwa Kilatini ni pafu. Mjerumani anauita Lungenkraut, yaani mmea wa mapafu. Mfaransa anasema pulmonaire, Mwingereza anasema lungwort, na wote wanarudia pafu hilo hilo. Na unajua sababu? Lile jani lenye madoa linafanana na pafu gonjwa. Hiyo tu, wasee. Hakuna aliyepima. Mtu alitazama jani, akakumbuka pafu aliloliona mahali, labda la kondoo, akasema basi hii itakuwa dawa ya kifua.

Usidhani walikuwa wajinga. Hii ilikuwa falsafa kamili, na waliiita fundisho la alama. Hoja yao ilikuwa hivi: Mungu akiruhusu ugonjwa anaweka na dawa, na kwa kuwa ana huruma, anaiwekea dawa alama ili hata asiyesoma aitambue. Paracelsus, daktari Mswisi aliyefariki 1541, aliipa nguvu. Mwaka 1588 Giambattista della Porta wa Napoli akatoa kitabu kizima, Phytognomonica, chenye michoro ya mimea ikiwa imewekwa kando ya viungo vya mwili na wanyama inaofanana nao. Baadaye kidogo akaja Jakob Böhme, fundi viatu wa mji wa Görlitz, akaigeuza kuwa theolojia. Walnati ina mikunjo kama ubongo, kwa hivyo ni ya kichwa. Ua fulani lina kitu kama mboni, kwa hivyo ni la macho. Jani la sehemu tatu kama ini, peleka kwa ini.

Na kulikuwa na watu walioshtuka mapema. Rembert Dodoens, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Mechelen, ambayo leo iko Ubelgiji, aliandika 1583 kwamba hili fundisho halina msingi kwa waandishi wa kale wanaoaminika, na kwamba alama zenyewe zinayumba sana hata huwezi kuzijengea elimu. 1583! Hiyo ni miaka mitano kabla della Porta hajatoa kitabu chake. Fundisho likaendelea kuaminika hata hivyo. Mimi ninayeishi kwa kupost vitu mtandaoni nasoma hivyo nacheka kicheko cha uchungu.

Kabla hujawacheka, fungua simu yako. Wiki hii tu nimetumiwa mara mbili ile klipu ya karoti iliyokatwa inafanana na jicho, maharagwe yanafanana na figo, nyanya ina vyumba kama moyo. Na mtaani kwetu ukiambiwa huna damu ya kutosha, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuambia nini? Kunywa juisi ya bitiruti. Kwa nini bitiruti? Kwa sababu ni nyekundu, buda. Bitiruti ni chakula kizuri, sina shida nayo, lakini rangi yake nyekundu si damu wala si madini ya chuma. Della Porta angetembea soko la Wakulima leo asijione mgeni.

Sasa nikuletee msee ambaye ndiye sababu ya hii posti.

Nicholas Culpeper alizaliwa 1616 kule Surrey, Uingereza. Baba yake, kasisi, alikuwa ameshafariki kabla hajazaliwa. Akalelewa na mama na babu mzaa mama, naye pia kasisi, na mpango wa familia ulikuwa wazi: kijana aende Cambridge, atoke mhubiri. Alienda kweli. Hakumaliza. Hadithi maarufu inasema alikuwa amepanga kutoroka na msichana mmoja wa familia tajiri, na msichana akapigwa na radi akiwa njiani kuja kukutana naye. Sijui kama unaamini; mimi nafikiri inanukia sinema kidogo. Lakini kuacha chuo aliacha, na pesa za familia zikakauka.

(Mimi niliacha mwaka wa pili, na hakuna radi iliyohusika. Mathe bado anaiita likizo.)

Akaingia London akawa mwanagenzi kwa muuza dawa, na hata hiyo mafunzo hakuikamilisha rasmi. Mwaka 1640 akaoa Alice Field, msichana aliyekuwa na urithi wake, na hizo chapaa ndizo zilizomwezesha kufungua pahali pake Spitalfields, nje ya ukuta wa jiji, mtaa wa watu wa mkono mtupu. Hapo akawa anatibu maskini kwa bei ya chini au bila malipo yoyote. Asubuhi moja angeweza kuona watu wengi tu, wengine hawana hata senti.

Ili uelewe kwa nini huyu jamaa alichukiwa, lazima ujue dawa London ilikuwa imefungwa namna gani. Kulikuwa na Chuo cha Matabibu, kilichoanzishwa 1518 na Mfalme Henry wa Nane. Wanachama wake walikuwa wachache, wamesoma, na wana bei. Chini yao walikuwa wauza dawa, ambao kazi yao ilikuwa kuchanganya kile tabibu ameagiza, na mwongozo wao ulikuwa kitabu kimoja, Pharmacopoeia Londinensis, kilichotolewa na Chuo mwaka 1618. Kitabu hicho kilikuwa kwa Kilatini. Kwa hivyo mgonjwa wa Spitalfields, ambaye Kiingereza chenyewe hajui kukisoma vizuri, anauziwa kitu asichojua jina lake wala kilichomo, na pengine mmea wenyewe unamea nyuma ya nyumba yake bure.

Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, mfalme dhidi ya bunge. Culpeper alikuwa upande wa bunge. Mwaka 1643 akiwa vitani akapigwa risasi ya kifua. Hakufa, lakini kifua hicho hakikurudi sawa tena. Kumbuka hilo.

Vita vilipovuruga serikali, udhibiti wa vitabu nao ukalegea, na matabibu hawakuwa tena na mfalme wa kuwakingia. Mwaka 1649, mwaka ule ule mfalme Charles alikatwa kichwa, Culpeper akachukua ile Pharmacopoeia ya Kilatini akaitafsiri kwa Kiingereza chote na kuiuza hadharani. Si kutafsiri tu. Aliongeza maelezo yake: hii inatibu nini, inapatikana wapi, na wapi Chuo kimeandika upuzi. Hakuomba ruhusa. Gazeti moja la upande wa mfalme likaandika kwamba alifanya hiyo kazi akiwa mlevi miaka miwili mfululizo na kwamba amekivuruga kitabu hadi hakieleweki. Hizo ndizo komenti za 1649.

Miaka mitatu baadaye, 1652, akatoa kile kikubwa, The English Physitian, kitabu cha mimea ya Uingereza kwa lugha ya mtu wa kawaida. Mtu angeweza kukisoma na kutoka nje kuchuma. Kilichapwa tena na tena. Mwaka 1708 kikachapwa Boston, Marekani ikiwa bado koloni, na hadi leo unaweza kukinunua kikiwa kipya dukani. Ni vitabu vichache mno vya wakati huo vina maisha hayo.

Ukifungua kitabu hicho pale penye neno lungwort, utakuta kitu cha ajabu. Culpeper haelezi mmea wetu wa madoa. Anaeleza kile kiumbe kama kuvu kinachoota juu ya magome ya mialoni, ambacho nacho kina mikunjo na vishimo kama ndani ya pafu. Yaani kulikuwa na lungwort mbili, hazina undugu wowote, moja ya ardhini na nyingine ya mtini, na zote zilipewa jina moja na kazi moja kwa sababu zote zilimkumbusha mtu pafu. Anasema ni ya Jupita, kwa maana aliamini pia kila mmea una sayari yake, na kwamba inasaidia kikohozi, kukorota kwa kifua na kukosa pumzi.

Hapo ndipo huyu shujaa wangu ananitatiza. Alivunja kufuli, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini nyuma ya ule mlango, vitu vingi vilikuwa havifanyi kazi. Watu walipata kwa lugha yao makosa yale yale ambayo matajiri walikuwa wanauziwa kwa Kilatini. Wengi wanaomsifu huishia kwenye kufuli. Wengi wanaomdharau huanzia kwenye Jupita. Mimi nataka tuyabebe yote mawili, hata kama ni mazito.

Culpeper alifariki Januari 1654, akiwa na miaka 37. Kinachoelezwa kumuua ni kifua kikuu. Kati ya watoto saba aliozaa na Alice, mmoja tu, Mary, ndiye aliyeishi. Jamaa aliyewaandikia Waingereza wote mimea ya kifua alimalizwa na kifua, katikati ya London, akiwa na kila jani lililotajwa kwenye vitabu vyote viwili.

Mbona basi jani liliendelea kuaminika? Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi, na jibu lake si kwamba watu ni wapumbavu. Majani ya pulmonaria yana ute. Ukiyachemsha ukanywa, ule ute unapaka koo na kikohozi kinatulia kidogo. Hiyo ni kweli kabisa, na ni kweli pia kwa mimea mingine mingi na kwa kijiko cha asali. Na vikohozi vingi, ukiacha, vinaisha vyenyewe baada ya wiki chache. Kwa hivyo watu kumi wanakunywa, tisa wanapona mafua ambayo yangepona tu, na jani linachukua sifa. Yule wa kumi ana kifua kikuu. Anatulia koo, anaendelea kukohoa, anakonda, anaambukiza aliolala nao chumba kimoja, anakufa. Na huyo hatoi ushuhuda.

Nina jirani mmoja, fundi wa nguo, alikohoa kuanzia Februari hadi Mei. Alikuwa amenunua unga wa majani kutoka kwa wale wanaozunguka na gari lenye spika wakitaja magonjwa ishirini na saba kwa pumzi moja. Kila wiki aliniambia anasikia nafuu, na nadhani alikuwa anasikia kweli, kooni. Alipopimwa makohozi hospitalini ikatoka TB, na mtoto wake mdogo akapimwa akakutwa nayo pia. Wote wawili wako kwa dawa sasa, na dawa zenyewe hawakulipia hata shilingi, kwa sababu matibabu ya TB katika hospitali za umma Kenya ni bure. Ule unga ulikuwa mia tano kopo moja.

Na yale madoa je? Ni hewa. Chini ya ngozi ya juu ya jani, sehemu fulani zimeachana na tabaka la chini, hapo katikati kuna nafasi yenye hewa, mwanga unarudishwa na jicho linaona rangi ya fedha. Karibu nicheke nilipojifunza hilo. Jani walilolipa jina la pafu gonjwa kumbe madoa yake ni hewa tupu.

Sababu halisi ya kifua kikuu ilitangazwa Berlin tarehe 24 Machi 1882, pale Robert Koch aliposimama mbele ya wenzake akawaonyesha bakteria wenyewe. Ndiyo maana siku ya TB duniani ni hiyo tarehe. Lakini kujua adui si kumweza. Dawa ya kwanza iliyofanya kazi, streptomycin, ilipatikana 1943 huko Rutgers, Marekani, kutoka kwa bakteria wa udongoni. Udongoni! Baada ya karne nyingi za kutazama jani, jibu lilikuwa limelala chini ya jani, na halikuwa na alama yoyote.

Waingereza wakaijaribu kwa namna ambayo Chuo cha 1618 hakingeiota. Walichukua wagonjwa 107 wa TB kali, wakawagawa kwa bahati nasibu: 55 wapate dawa na kupumzika kitandani, 52 wapumzike tu. Baada ya miezi sita, wa dawa walikuwa wamekufa 4. Wa kitanda peke yake walikufa 14. Matokeo yalichapishwa 1948. Hakuna anayefananisha chochote na chochote hapo. Unahesabu walio hai.

Na sasa ile sehemu ambayo mimi sikufundishwa shuleni, na ninakasirika nikiifikiria. Hata baada ya dawa kupatikana, matibabu ya kawaida yalichukua mwaka na nusu. Miezi 18 ya vidonge. Watu waliacha katikati, kwa sababu mtu ukishasikia nafuu na una shamba au kibarua, nani atakurudisha kliniki mwaka mzima? Swali la kama inawezekana kufupisha lilijibiwa wapi? Si London. Kuanzia 1970, hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kujaribu dawa za miezi sita dhidi ya zile za miezi 18. Matokeo ya kwanza yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1972. Ile michanganyiko iliyokuwa na rifampicin au pyrazinamide iliweza: miezi sita ilitosha, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache. Ile isiyokuwa nazo, wengi walirudiwa.

Hiyo miezi sita ambayo mgonjwa wa TB ya kawaida anapewa leo, Nairobi au kokote, ina mizizi kwenye wodi za huku kwetu. Makala yale yana majedwali ya wagonjwa wetu, uzito wao, makohozi yao, nani alipona na nani hakupona. Majina hayamo, na ni sawa, siri ya mgonjwa ni yake. Lakini kwa hadithi tunazosimulia nyumbani pia hawamo.

Kabla sijamaliza, kuna mtu ataniuliza kuhusu mabaki. Ndiyo, ile mabaki inayopandwa na wafugaji wa sungura na kuku, komfri, ni ya ukoo mmoja na pulmonaria. Majani yenye vinywele, maua ya kuning'inia, utaona undugu. Huko Ulaya iliitwa mmea wa kuunganisha mifupa, na kuupaka kwa nje kuna watu wanaapa nao. Kunywa ni hadithi nyingine. Ina alkaloidi zinazoharibu ini, na mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waondoe sokoni bidhaa za komfri za kumeza. Kwa hivyo ukiuziwa chai yake mahali, waachie sungura shamba lao, wewe pita.

Sasa naomba kitu. Kama kwenu kuna guka, shosho, babu au nyanya aliyelazwa kwa TB miaka ya sabini mwanzoni, hasa kama alikaa wodini muda mrefu na kuchomwa sindano kila siku, muulize alikuwa hospitali gani na anakumbuka nini. Rekodi sauti kwa simu, kwa lugha yake yoyote, akikubali. Nitumie. Nataka kukusanya hizo sauti kabla hazijaisha, na posti inayofuata itakuwa yao, si yangu.